Handaki moja, lugha mbili: nani mwenye kauli ya usalama?

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu, hata miongoni mwa wasomi, kwamba usalama wa chombo cha usafiri ni kazi ya wahandisi peke yao. Kwa mujibu wa dhana hii, chuma kikiwa imara, breki zikishika na taa zikiwaka, abiria amesalimika. Lugha huletwa mwishoni, kama rangi inayopakwa juu ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Mimi naipinga dhana hii, na mfano nitakaoutumia ni wa reli inayopita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Mahali pale mataifa mawili yenye lugha mbili, sheria mbili na mazoea mawili yalilazimika kutunga kanuni moja ya kuwalinda watu walio ndani ya tundu moja. Mwalimu wa lugha akiyatazama yaliyotokea huko tangu mwaka 1986 ataona kwamba mengi yaliyowatatiza wataalamu yalikuwa masuala ya sarufi, semantiki na matumizi ya lugha.

Kwanza tulifahamu umbo lenyewe. Handaki hilo, lililofunguliwa rasmi tarehe 6 Mei 1994 na Malkia Elizabeth wa Pili pamoja na Rais François Mitterrand, lina urefu wa kilomita 50 hivi, na kati ya hizo takriban 38 zi chini ya bahari. Huanzia karibu na Folkestone upande wa Uingereza na kuishia Coquelles, jirani na Calais, upande wa Ufaransa. Kwa hakika si handaki moja bali ni matatu yaliyochimbwa sambamba: mawili makubwa ya treni, moja la kwenda na moja la kurudi, na katikati yake jembamba la huduma. Kila baada ya mita 375 kuna kichochoro chenye mlango kinachoyaunganisha. Hewa katika handaki la huduma husukumwa kwa nguvu zaidi kuliko ile iliyo katika mahandaki ya treni, ili mlango ufunguliwapo moshi usiweze kuingia. Hilo ndilo kimbilio la abiria pakizuka moto. Ni ubunifu wa kusifiwa, na wafanyakazi 10 walipoteza maisha yao katika ujenzi wake.

Lakini kabla ya chepeo la kwanza kuinuliwa, yaliandikwa maneno. Mkataba ulitiwa saini mjini Canterbury tarehe 12 Februari 1986 na mawaziri wa mambo ya nje, Geoffrey Howe na Roland Dumas, mbele ya Bi. Margaret Thatcher na Bw. Mitterrand. Mkataba huo uliandikwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na matini zote mbili zikapewa uzito sawa. Msomaji asilipite jambo hili haraka. Maana yake ni kwamba hakuna matini mama na matini tafsiri. Mwingereza hawezi kumwambia Mfaransa, "Rejea kwenye asili," kwa kuwa asili ni mbili. Chini ya mkataba huo iliundwa Tume ya Serikali Mbili, ambayo uenyekiti wake hubadilishana kila mwaka kati ya wajumbe wa nchi hizo, na chini ya tume hiyo kikaundwa chombo cha kuishauri kuhusu usalama.

Hapo ndipo mwanaisimu anapoanza kutega sikio. Katika matini ya Kiingereza chombo hicho kinaitwa Safety Authority, yaani Mamlaka ya Usalama. Katika matini ya Kifaransa kinaitwa Comité de sécurité, yaani Kamati ya Usalama. Chombo ni kilekile na ibara ni ileile, lakini kwa upande mmoja tunaambiwa kina mamlaka, na kwa upande mwingine kwamba ni kamati tu. Ukisoma kazi kilizopewa utaona kwamba Wafaransa ndio waliokipa jina la haki: kazi yake ni kushauri na kusaidia, na amri hutoka kwa tume. Mwingereza aliyesoma jina peke yake angeweza kudhani kuwa pana askari pale mlangoni, kumbe ni mshauri.

Neno la pili pia lina mtego wake. Kiingereza hutofautisha safety, yaani kusalimika na ajali, na security, yaani kulindwa dhidi ya watu wenye nia mbaya. Kifaransa nacho kina maneno mawili, sécurité na sûreté. Tatizo ni kwamba katika shughuli za reli sécurité ndiyo safety, na sûreté ndiyo security. Maneno yanayofanana kwa sura na sauti yamebadilishana viti. Mkalimani mchovu akiyachanganya katika kikao, mmoja atakuwa anazungumza juu ya moto na mwenziwe juu ya magaidi, nao wakaafikiana kwa moyo mkunjufu. Kiswahili chetu hakikujitia katika taabu hiyo. Neno usalama hubeba yote mawili, ndiyo maana tuna usalama barabarani na tuna pia watu wa usalama wasiovaa sare. Sidhani kama huo ni umaskini wa lugha, ingawa anayetunga sheria kwa Kiswahili hana budi kueleza anakusudia usalama gani.

Sasa tuyaache majina tuutazame moto. Tarehe 18 Novemba 1996 usiku, treni ya kubebea malori iliingia handakini kutoka Ufaransa ikiwa na watu 34, wengi wao madereva wa malori waliokaa katika behewa lao mbele. Mabehewa ya malori yenyewe yalikuwa na kuta za vyuma vilivyoachana kama wavu, muundo ambao wazima-moto walikuwa wameushuku tangu mapema. Walinzi waliokuwa karibu na mdomo wa handaki waliona lori moja linawaka. Kanuni ya wakati huo ilikuwa wazi: treni inayoungua isisimame, iendelee mbio hadi itokee upande wa pili, kwani nje ndiko kuliko na nafasi, maji na hewa. Ilikuwa kanuni nzuri, na pengine treni ingefika.

Kulikuwa na kanuni nyingine, nayo pia nzuri. Mabehewa ya kupakilia yalikuwa na miguu ya chuma ya kuyaegemeza wakati wa kupakia. Taa ikiwaka mbele ya dereva kuonyesha kwamba huenda mguu mmojawapo umeshuka, dereva alitakiwa asimamishe treni, maana mguu ukigonga reli treni yaweza kuanguka. Usiku huo taa iliwaka. Dereva akasimama, kama alivyofundishwa, kilomita 19 hivi kutoka lango la Ufaransa, na moshi uliokuwa ukiachwa nyuma ukamfikia. Mlango wa behewa la abiria ulipofunguliwa moshi uliingia, na kiongozi wa treni hakuweza kukiona kichochoro ambacho kwa hesabu ya wahandisi hakikuwa mbali. Ilibidi wangoje mpaka hewa iliyosukumwa kwa mitambo ilipoufukuza moshi. Wote 34 waliokoka kupitia handaki la huduma, wengine wakiwa wamedhurika kwa kuvuta moshi.

Mimi huwapa wanafunzi wangu wa pragmatiki mfano huu. Sentensi ya kwanza yasema "usisimame", na ya pili yasema "simama". Kila moja ni sahihi ndani ya sura yake. Zilitungwa na wataalamu waliojali, zikakaguliwa, zikaidhinishwa kwa lugha mbili. Hakuna aliyeziweka katika ukurasa mmoja akauliza: zikikutana katika kichwa cha mtu mmoja gizani, ipi itatangulia? Wachunguzi walipotoa ripoti mwaka 1997 walikuwa na mapendekezo 36, na mojawapo ya mambo waliyoyalalamikia ni utata wa taratibu zilizowaelemea watu wa chumba cha kuelekezea treni. Kwa maneno mengine, sheria zilikuwa nyingi kuliko pumzi ya kuzisoma.

Baadhi ya watu husema kwamba dawa ni lugha moja. Wanatukumbusha kwamba marubani wa ndege za kimataifa hupimwa Kiingereza chao kwa viwango vilivyoanza kutekelezwa mwaka 2008, basi kwa nini reli isifanye vivyo hivyo? Sikubaliani nao kabisa. Rubani huzungumza na mnara, na mazungumzo yake ni ya watu wachache waliosomea kazi moja. Treni ikiungua chini ya bahari, wanaoitwa ni wazima-moto wa Kent na wazima-moto wa Pas-de-Calais, wauguzi, polisi na mafundi wa umeme, watu wa vijiji na miji ya pale pale, ambao lugha yao haibadiliki kwa amri ya waziri. Waliotunga mpango wa dharura wa handaki hilo walilielewa jambo hili. Mpango wenyewe wanauita BINAT, kifupisho cha neno binational, ambalo Mwingereza na Mfaransa huliandika kwa herufi zilezile. Tahadhari ikitolewa, kinachotangazwa ni "BINAT GO". Ni silabi tatu ambazo kila mmoja atazielewa hata akiwa ameamshwa usingizini. Nimeona istilahi nyingi zilizobuniwa katika kamati za lugha, lakini chache zilizopimwa kwa kipimo cha namna hiyo.

Kwingineko walijiepusha na lugha kabisa. Ndani ya handaki dereva hategemei taa za kando ya reli. Mwendo anaoruhusiwa huonyeshwa kwa tarakimu mbele yake katika chumba chake, na tarakimu haina Kiingereza wala Kifaransa. Hata suala la upande halikuleta mzozo, kwa kuwa treni za Ufaransa, kinyume na magari yake, aghalabu hupita kushoto kama za Uingereza.

Anayeona kwamba natia chumvi na aitazame Ubelgiji. Tarehe 27 Machi 2001 treni mbili ziligongana uso kwa uso huko Pécrot, watu 8 wakafariki. Treni moja, isiyokuwa na abiria, ilikuwa imepita taa nyekundu na kuingia njia isiyo yake. Mwelekezaji wa treni wa Wavre, msemaji wa Kifaransa, alimpigia simu mwenzake wa Leuven, msemaji wa Kiholanzi, ili amtahadharishe. Simu ilipokelewa. Maneno yalisemwa. Hayakueleweka. Reli, taa na simu zote zilikuwapo, na nchi ilikuwa moja yenye shirika moja la reli! Umoja wa Ulaya baadaye ulipotunga sheria ya mwaka 2007 kuhusu leseni za madereva wa treni, iliwekwa kanuni kwamba dereva awe anaimudu lugha ya reli anayoipitia, na kiwango kinachodaiwa leo ni kile cha mtu anayeweza kujieleza katika hali zisizotarajiwa, si kukariri misemo.

Moto mwingine mkubwa ulizuka handakini tarehe 11 Septemba 2008, safari hii treni ya malori ikitoka Uingereza. Iliwaka kwa muda wa saa 16 hivi, ikaharibu mamia ya mita za handaki, na kazi ya ukarabati haikukamilika hadi Februari 2009. Kwa mara nyingine hakufa mtu. Baada ya hapo zilijengwa sehemu nne maalumu chini ya bahari, kila moja ikiwa na urefu wa mita 870, ambamo ukungu wa maji humwagwa juu ya treni inayoungua. Zilikuwa tayari mwaka 2011. Kwa hiyo ile amri ya zamani ya kutosimama imepata kishazi cha pili: kama huwezi kutoka, simama mahali palipoandaliwa. Ilichukua miaka 17 tangu kufunguliwa kwa handaki, na mioto miwili mikubwa, kuongeza kishazi hicho.

Lakini kanuni ya usalama yaweza pia kuzungumzwa kwa nia isiyokuwa ya usalama. Mwaka 2010 kampuni ya Eurostar iliamua kununua treni mpya kutoka Siemens ya Ujerumani badala ya Alstom ya Ufaransa. Treni hizo zina mota zilizotawanywa chini ya mabehewa, ilhali kanuni za handaki zilikuwa zimetungwa kwa kufikiria treni zenye injini mbele na nyuma. Ghafla mawaziri wa Ufaransa wakawa walinzi wakali wa maandishi ya kanuni, na Alstom ikaenda hadi mahakama ya London kuomba ununuzi huo uzuiwe, isifaulu. Je, hofu yao ilikuwa ya kweli? Sehemu yake huenda ilikuwa. Hata hivyo haikosi kushangaza kwamba hofu hiyo ilipata sauti siku ile zabuni ilipopotea. Tume iliitazama upya kanuni hiyo, ikailegeza, na treni hizo zikaanza kubeba abiria mwaka 2015. Nasema ilifanya vyema, kwa sababu iliuliza kanuni ilikuwa inamlinda nani na dhidi ya nini, badala ya kuuliza imeandikwaje. Nasema pia kwamba isingekuwa rahisi kufanya hivyo kama kila serikali ingekuwa na mdhibiti wake anayeketi mjini kwake.

Ndiyo sababu nasikitishwa na yaliyofuata. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, swali lilizuka: katika nusu ya handaki iliyo chini ya mamlaka ya Ufaransa, nani mwenye neno la mwisho kuhusu maana ya sheria za Ulaya? Umoja wa Ulaya uliiruhusu Ufaransa, Oktoba 2020, kutafuta mapatano yatakayoiachia tume ya pamoja kazi ya usalama katika handaki zima, mradi tafsiri ya sheria za Ulaya ibaki mikononi mwa Mahakama ya Haki ya Umoja huo. Maafikiano hayakupatikana kabla ya mwaka kwisha. Tangu mwaka 2021 nusu ya Ufaransa iko chini ya mamlaka ya usalama wa reli ya Ufaransa, yenye makao Amiens, na nusu ya Uingereza iko chini ya sheria za Uingereza. Treni hupita mstari huo wa mpaka kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na hakuna abiria anayeuhisi.

Wapo watakaosema kwamba hakuna kilichoharibika. Ni kweli kwamba maafisa wa pande zote mbili wanaendelea kukutana, na kanuni zao leo zinafanana mno. Lakini sisi tunaofundisha historia ya lugha tunajua lahaja huzaliwaje. Wasemaji wa lugha moja hutenganishwa na mlima au mto. Hakuna anayeamua kubadili chochote. Kila upande hurekebisha neno hapa na irabu pale kwa mahitaji yake. Baada ya vizazi vingi hawaelewani. Sheria mbili zilizotoka tumbo moja, zikisomwa na mahakama mbili, hufuata njia hiyo hiyo, na hazihitaji vizazi vingi.

Kuna jambo ambalo hata enzi ya tume moja haikulimaliza. Kiingereza na Kifaransa ni lugha za walinzi wa handaki. Je, ni lugha za wanaolindwa? Malori yanayopita pale huendeshwa na Wapolandi, Waromania, Walithuania, Wahispania na wengineo. Mkataba uliwapa Mwingereza na Mfaransa usawa kamili wa kimaandishi, ila dereva kutoka Romania hakuwa mezani. Kwake yeye kanuni nzima ya usalama ni sauti ya mtu mmoja aliyevaa sare, akipaza amri katika behewa linaloanza kujaa moshi. Picha na mishale husaidia pale panapoonekana. Usiku wa 1996 hapakuonekana.

Walimu wa Kiswahili wasidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika ibara yake ya 137, uliifanya lugha rasmi ya Jumuiya kuwa Kiingereza, na Kiswahili kikaahidiwa kuendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Waliotia saini Canterbury walikuwa na lugha mbili zisizoelewana, wakazipa zote haki sawa. Waliotia saini Arusha walikuwa na lugha moja ambayo dereva wa lori wa Mombasa na mpakizi wa Malaba huitumia kila siku bila mkalimani, wakaiweka pembeni. Reli zinazovuka mipaka yetu zinazungumziwa tena, na kila moja itahitaji kitabu cha kanuni. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya tasnifu waombe kukiona kitabu hicho kabla hakijachapishwa.

Tukirudi handakini, jambo haliwezi kungoja sana. Kampuni nyingine zinataka kuingia. Mwaka 2025 mdhibiti wa reli wa Uingereza aliipa Virgin nafasi ya kutumia karakana ya treni iliyoko London, ambayo bila hiyo mshindani wa Eurostar hangekuwa na pa kuzitengenezea treni zake. Zitakuja treni za muundo mpya, madereva wapya na wahudumu wapya, na kila ombi litasomwa mara mbili, London na Amiens. Napendekeza lisomwe mara ya tatu na watu wa pande zote waliokaa katika chumba kimoja, wakiwa na matini zote mbili mezani. Na mtihani wa lugha wa wahudumu usifanyiwe darasani. Ufanyiwe ndani ya behewa, taa zikiwa zimezimwa, na watahiniwa wapewe abiria wasiojua Kiingereza wala Kifaransa, waambiwe wawatoe hadi kwenye kichochoro.